Mama Kidole na Maua ya Ghorofa ya Pili

Jina lake halisi liko kwenye faili la watumishi, na huko ndiko lilikobaki. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, watu wote wa ofisi ile ya pensheni walimwita Mama Kidole, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Kidole chenyewe kilikuwa cha shahada, cha mkono wa kulia, kifupi na kinene, na pembeni ya ukucha palikuwa na mstari mweusi wa udongo ambao hakuna sabuni iliyowahi kuuondoa. Watu wengine hujulikana kwa sauti, wengine kwa mwendo. Yeye alijulikana kwa hicho.

Alikuwa mtu wa usafi. Kwa miaka ishirini na mitatu alipiga deki ngazi zilezile, akafuta meza zilezile, akawaona wazee wakija kukaa kwenye mabenchi ya mbao, bahasha magotini, wakisubiri kuitwa. Naye alikuwa amebakiza miaka miwili tu akae kwenye benchi hilohilo kama mteja. Alikuwa na ndoto moja, tena ndogo: siku yake ya mwisho kazini atoke kwa mlango wa mbele, mkono kwa mkono na wenzake, siyo kwa mlango wa nyuma akiwa na barua.

Sasa, kabla hatujafika kwenye barua, lazima tupite kwa mama mkwe wake.

Alipoolewa hakujua lolote kuhusu maua. Mama mkwe alikuwa na ua moja tu, la majani mapana, kwenye kopo la rangi karibu na dirisha la sebuleni, na alilipenda hadi alilisalimia asubuhi. Ikatokea mama mkwe akasafiri wiki sita kwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Bibi harusi akaachiwa nyumba, mume na ua. Mume hakumtia wasiwasi. Ua ndilo lililomnyima raha. Akalipa kikombe cha maji asubuhi na kikombe jioni. Majani yalipoanza kuwa ya njano alisema maskini, lina kiu, akaongeza kikombe cha mchana. Kadiri lilivyonyong'onyea ndivyo alivyozidi kumimina. Mama mkwe aliporudi, shina lilikuwa limelainika kama ndizi iliyooza, na kopo lilitoa harufu ya mtaro.

Msichana wa watu aliangua kilio kabla msafiri hajatua begi. Alijua leo ndiyo leo, atarudishwa kwao. Mama mkwe akainama, akanusa udongo, akatikisa kichwa.

"Umelipenda sana, mwanangu," alisema. "Umelipenda mpaka limezama."

Kisha akamshika kidole, akakididimiza kwenye kopo. "Unasikia nini?"

"Matope, mama."

"Basi siku nyingine uliza kwanza. Kidole kiingie mpaka hapa, pingili ya pili. Ukikuta pakavu, mimina maji polepole mpaka yatoke kwa chini, halafu yale yaliyotoka uyamwage, lisikae na miguu majini. Ukikuta unyevu, nenda zako kafanye kazi nyingine. Kumwagilia siyo kazi. Kuuliza ndiyo kazi."

Yalikuwa mafunzo ya dakika mbili, bila kofi wala tusi. Lakini yaliingia, na hayakutoka tena. Mama mkwe alipofariki, miaka mingi baadaye, nyumba ile ilikuwa na maua kumi na tisa, na hakuna hata moja lililokuwa na ratiba.

Turudi ofisini. Akaja mkurugenzi mpya, mama mmoja mwenye haraka na moyo mzuri, akasema wazee wanaosubiri wanastahili kuona kitu cha kijani. Gari likashusha maua arobaini na mawili, kumi na manne kwa kila ghorofa, na ghorofa zilikuwa tatu. Mama Kidole alisimama ngazini akiyaangalia yakipandishwa, moyo ukimruka kwa furaha. Furaha hiyo haikumaliza wiki.

Kwa sababu palikuwa na Bwana Fomu.

Bwana Fomu alikuwa msimamizi wa huduma, na tusimsingizie: hakuwa mtu mbaya. Alipofika pale mara ya kwanza, vyoo vilikuwa haviingiliki. Akabandika fomu mlangoni, kila anayesafisha aweke saa na saini, na vyoo vikang'aa. Toka siku hiyo akaamini kwamba hakuna tatizo chini ya jua ambalo fomu haiwezi kulitibu. Lifti ilikuwa na fomu. Birika la chai lilikuwa na fomu. Na maua, masikini ya Mungu, yakapata fomu: saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa tisa alasiri, MAUA YAMEMWAGILIWA, saini.

Wale watu wa usafi walikuwa waaminifu, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Mtu mvivu angesaini bila kumwagilia, na maua yangepona. Lakini hawa walimwagilia kweli, mara tatu kwa siku, na wazee kwenye mabenchi nao wakawa wanamalizia humohumo maji yao ya kunywa. Mshubiri wa dirishani, mmea ambao ukiusahau mwezi mzima haununi, uliyeyuka ukawa uji.

Mama Kidole alikataa. Zamu yake ikifika alizunguka na kidole chake, akauliza vyungu vyote, na penye unyevu aliandika kistari kwenye fomu badala ya saini. Siku nyingine fomu yake ilikuwa vistari vitupu kuanzia juu hadi chini.

Miezi miwili ikapita, maua kumi na moja yakafa. Bwana Fomu akapekua fomu zake kutafuta mkosaji, na ni nani mwingine aliyekuwa na vistari? Mama Kidole akapewa barua ya onyo. Akaendelea na vistari vyake. Akapewa ya pili. Kila mtu alijua kuwa ya tatu ni ya kwenda nyumbani.

Mkurugenzi akawaita wote wawili.

"Fomu inaonyesha humwagilii," alisema.

"Fomu inasema kweli, mama. Simwagilii lisilo na kiu."

"Utajuaje kama lina kiu?" aliuliza Bwana Fomu.

"Nauliza."

Bwana Fomu akamtazama mkurugenzi kwa uso wa mtu aliyekuwa akisema siku zote kwamba huyu mama ana lake jambo. Hapo Mama Kidole, ambaye hasira zake zilikuwa za karibu tangu utotoni, akapandwa na mori.

"Nipeni ghorofa ya pili peke yangu," alisema. "Leteni mengine badala ya yaliyokufa, yawe kumi na manne kamili kila ghorofa. Chini na juu endeleeni na fomu. Baada ya miezi mitatu tuhesabu. Na ghorofa ya pili likifa hata moja, msisumbuke kuniandikia barua. Nitatoka mwenyewe, kwa mlango wa nyuma."

Maneno yalishatoka. Alipofika koridoni akashika ukuta. Hata moja! Mdomo huu! Kumi na tatu yangekuwa ushindi mkubwa tu, lakini yeye kasema hata moja, tena mbele ya mkurugenzi.

Nyumbani mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Ungesema hata mawili, mke wangu."

"Najua!"

"Hata matatu."

"Baba Watoto, nimesema najua."

Wiki ya kwanza aliyahamisha. Lililopigwa na jua kali la dirisha la mashariki alilisogeza nyuma. Mshubiri mpya aliuleta mbele, juani. Lililokuwa likipulizwa na kiyoyozi aliliondoa pale, kwa maana linakauka juu na kubaki na matope chini, likadanganya watu. Akafuta vumbi majani kwa kitambaa chenye unyevu. Maji aliyachota jioni yalale kwenye ndoo, asubuhi yawe hayana baridi. Na kila asubuhi alipita na kidole, chungu hadi chungu, na vile vidogo alivinyanyua kupima uzito, kwa kuwa chungu kilichoshiba ni kizito na chenye kiu ni chepesi. Mengine yalipata maji mara mbili kwa wiki, mengine mara moja. Mshubiri ulikaa wiki tatu bila tone na ulinenepa kama shemeji aliyekuja kutembea.

Wazee wa mabenchini walipata burudani.

"Mama, unayapima homa?" aliuliza mmoja mwenye mkongojo.

"Nayauliza kama yana kiu, baba. Na wewe maji yako yamalize mwenyewe, usinimwagie humo."

"Haya, bwana daktari!"

Ikafika wiki ya sita, ghorofa ya pili imechangamka. Majani mapya yalichomoza yakiwa yamejiviringisha kama mikeka, kisha yakajikunjua. Ghorofa ya chini matano yalikuwa yameshaondoka. Watu wa ghorofa ya tatu walianza kushuka kula chakula chao cha mchana ghorofa ya pili, kila mmoja na kisingizio chake. Mama Kidole akawa anapiga deki huku anaimba.

Wiki ya nane ikamnyamazisha. Lile refu la mlango wa masijala, lililompita kimo, liliamka na majani matatu ya njano. Kesho yake saba. Akadidimiza kidole. Kikatoka na tope. Hakuwa amelimwagilia kwa wiki mbili, kila asubuhi akikuta unyevu! Akakimbilia la pili, tope. La tatu, tope. Akanyanyua chungu kimoja kutoka ndani ya chungu cha mapambo kinachokizunguka, na humo akakuta maji yametuama, yananuka.

Alishuka ngazi mbilimbili hadi kwa Bwana Fomu, hakubisha hodi.

"Unanimwagilia maua yangu kwa siri!"

Bwana Fomu akavua miwani taratibu. Alikuwa ameumia kwelikweli, ilionekana usoni.

"Mama Kidole," alisema, "mimi nikimwagilia, nasaini."

Alimwamini papo hapo. Hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyowahi kusemwa katika jengo lile. Akaomba radhi, akarudi juu, na kichwa kikamzunguka: kama siye huyu, ni nani?

Jibu alilipata jioni ileile, saa kumi na nusu. Alikuwa ameshafika getini akakumbuka mwavuli. Aliporudi ghorofa ya pili alisikia mtu anavuma wimbo. Ni Shangazi, mama wa masijala, mtunza mafaili, rafiki yake wa miaka ishirini; walikula sahani moja na kuzikiana wazazi. Shangazi alikuwa na jagi mkononi, anatoka chungu hiki anakwenda kile, anamimina, anasema, "Kunywa, mpenzi, kunywa."

"Shangazi! Unafanya nini?"

Shangazi alishtuka, kisha akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa akitenda wema. "Ulikuwa usijue. Nakusaidia, mwenzangu. Nilikuona hupiti na maji siku nne nzima, nikasema huyu dada miguu inamuuma na hasemi. Watakufukuza hivihivi huku naona? Basi kila ukitoka, nakuongezea. Wiki ya pili sasa."

Mama Kidole alifungua mdomo. Alikuwa na maneno tayari, na yalikuwa makali. Miaka ishirini ya urafiki ingekatika pale pale. Lakini alilitazama lile jagi, akamtazama Shangazi na macho yake yaliyojaa huruma, na ghafla akajiona mwenyewe, bibi harusi wa miezi minne, kikombe mkononi, mbele ya kopo la rangi.

Akaketi kwenye benchi. Akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

"Umeyapenda sana, Shangazi," alisema. "Umeyapenda mpaka yamezama. Hebu lete kidole chako hapa."

Jumamosi asubuhi walikuja watatu: Mama Kidole, Shangazi aliyevimba macho, na Baba Watoto aliyebeba msumeno mdogo na mkasi. Mlinzi akawafungulia. Walimwaga maji yaliyotuama, ndoo mbili nzima. Wakachomoa maua yote, moja baada ya jingine, wakayafunga udongo wake kwa magazeti makuukuu yanyonye maji, wakabadilisha magazeti mara tatu. Mizizi myeupe waliiacha. Ile ya kahawia iliyoteleza mkononi waliikata. Mengi yalikuwa na nafuu. Lile refu halikuwa nayo. Mizizi yake zaidi ya nusu ilikwenda na mkasi, na majani yote yalidondoka sakafuni kabla ya saa sita.

"Hili limeshakwenda," alisema Baba Watoto kwa upole.

"Hujaliuliza."

Alilirudisha kwenye chungu na udongo mpya mkavu, akalipa maji kidogo, fimbo tupu iliyosimama mlangoni kwa masijala. Kwa wiki nne watu walipita wakiitazama na kuitazama sakafu. Shangazi aliomba mara mbili aruhusiwe kwenda kwa mkurugenzi akajieleze. Mama Kidole alikataa; alikuwa ametoa neno lake, na hakuweka ndani ya neno hilo kisingizio cha rafiki. Kila asubuhi aliiuliza ile fimbo. Kila asubuhi aliiacha. Na hapo ndipo mikono ilipomwasha kuliko siku zote, kwani hakuna kazi ngumu kama kusimama mbele ya mgonjwa na kopo la maji na kujizuia.

Siku ya kuhesabu ikafika. Mkurugenzi alikuja na nusu ya ofisi nyuma yake, na mhesabuji alikuwa Bwana Fomu, fomu mpya ubaoni, kalamu sikioni. Ghorofa ya chini: hai matano. Ghorofa ya tatu: hai sita. Ghorofa ya pili alitembea polepole, anagusa, anaandika. Hai. Hai. Hai. Mshubiri ulikuwa umezaa vitoto vitatu. Hai. Alipofika kumi na tatu, wazee wa mabenchini walikuwa wamesimama.

Kisha akafika mlangoni kwa masijala. Akaitazama fimbo. Shangazi akaziba uso kwa faili.

"Kumi na nne," alisema Bwana Fomu, na sauti yake haikuwa na furaha hata kidogo. "Naona hili, Mama Kidole... naona limekufa."

"Usione," alisema Mama Kidole. "Uliza."

"Niulize vipi?"

"Kwaruza shina kwa ukucha."

Bwana Fomu alisita. Akainama, akakwaruza kidogo sana, kama anayeogopa kuliumiza. Chini ya gome palikuwa kijani, kijani kibichi kabisa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogea karibu zaidi mpaka pua ikakaribia kugusa fimbo, na akabaki hivyo muda mrefu. Hapo juu, kwenye kifundo cha pili kutoka kileleni, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye ncha, kimeanza kufunguka.

Angeweza kukinyamazia. Hakuna mwingine aliyekuwa amekiona. Lakini Bwana Fomu hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu maishani mwake, na hakuanzia siku ile.

"Hai," alisema. Akaandika, akasoma tena kwa sauti ili kila mtu asikie. "Kumi na nne. Hai!"

Jamani, kelele zilizopigwa! Yule mzee wa mkongojo aliurusha mkongojo. Shangazi alimkumbatia Mama Kidole, mafaili yakamwagika chini, na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile hakuna aliyejali yamelala kwa mpangilio gani. Mkurugenzi aliagiza faili la watumishi, akazitoa barua mbili za onyo, akazichana palepale. Mama Kidole alilia waziwazi, bila kuficha uso, kwa maana alishinda na alijua ameshinda.

Jumatatu fomu mpya zikabandikwa kwenye ghorofa zote tatu. Safu ya MAUA YAMEMWAGILIWA haikuwepo. Safu ya kwanza iliandikwa: UMEULIZA?

Miaka miwili baadaye Mama Kidole alitoka kwa mlango wa mbele, mkono kwa mkono na wenzake, kama alivyotaka. Wiki iliyofuata akaja tena, safari hii kama mteja, bahasha magotini, akaketi kwenye benchi la ghorofa ya pili. Juu yake palikuwa na kivuli, kwa kuwa ile fimbo ya mlangoni ilikuwa imefika dari ikapinda, majani mapana kama sinia. Bwana Fomu akamletea karatasi za pensheni yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Kabla ya kumpa kalamu akasimama kwenye chungu, akadidimiza kidole mpaka pingili ya pili, akasikiliza.

"Bado," alisema.

Mama Kidole hakuinuka kuhakikisha. Aliutazama tu ule mstari mweusi pembeni ya ukucha wa Bwana Fomu, akachukua kalamu, akaweka saini.